Utabiri wa kiangazi: Mbona hakuna anayeusoma kwa ajili ya moto wa mlimani?

KILA mwaka unapoanza, mvua ya vuli ikishakatika, watabiri wa hali ya hewa hutoa taarifa isiyobadilika sana: Januari na Februari kutakuwa na jua kali na ukavu katika sehemu nyingi za nchi, isipokuwa manyunyu ya hapa na pale kwenye nyanda za juu na kandokando ya Ziwa Victoria. Mkulima wa Kieni au Kinangop huisoma, akaona kwamba haimwambii lini apande, akaiweka kando. Aghalabu huo ndio mwisho wa taarifa hiyo.

Ilhali ni katika majuma hayo ambapo Mlima Kenya na safu ya Nyandarua huwaka. Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya vichaka na nyasi za Mlima Kenya, Nyandarua nayo ikafuka moshi wakati huo huo, hata wanajeshi wa Uingereza wanaofanyia mazoezi nchini wakaungana na askari wa wanyamapori, wa misitu na wanavijiji kuuzima. Februari 2022 ikawa zamu ya Nyandarua tena. Mara zote mbili habari zilitufikia moshi ukiwa tayari unaonekana kutoka barabarani. Sisi wa vyumba vya habari hatuna budi kukubali sehemu yetu ya lawama: utabiri huuchapisha kwenye ukurasa wa kilimo, na moto tukauchapisha kwenye ukurasa wa mbele, pasipo kuonyesha kwamba habari hizo mbili ni moja.

Chanzo cha ukavu wenyewe ni upepo ambao mabaharia wa pwani wameujua kwa karne nyingi kwa jina la kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi, jua likiwa upande wa kusini mwa ikweta, ukanda wa mvua hulifuata huko na kuiachia Kenya hewa itokayo kaskazini mashariki, upande wa Bara Arabu. Hewa hiyo hubeba unyevu mchache, na kabla ya kuufikia mlima hupita juu ya nchi kame za Isiolo na Samburu. Ndiyo sababu upande wa kaskazini wa Mlima Kenya hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka, huku miteremko ya kusini mashariki, kuelekea Chuka na Embu, ikipata zaidi ya milimita 2,000. Mianzi inayositawi pande nyingine za mlima huu ni adimu sana upande huo wa kaskazini, mahali pake pameshikwa na mierezi na vichaka.

Kuna jambo jingine linalowahadaa watu walio chini. Wakati wa kiangazi mawingu hujikusanya kwenye ukanda wa msitu na kubaki hapo. Mtu aliye Naro Moru akitazama juu alasiri huona ukungu, akadhani mlima umelowa. Kumbe juu ya mawingu hayo, kuanzia mita 3,000 hivi, jua huchoma mchana kutwa na hewa ni kavu kupindukia, kisha usiku mbingu huwa nyeupe na umande ukaganda juu ya majani. Mmea unaokaushwa na jua mchana na kuunguzwa na baridi usiku hauhitaji majuma mengi kuwa kama karatasi.

Na mimea ya huko juu ni kana kwamba iliandaliwa kwa moto. Vichaka vya erika vina vijani vidogo vyenye mafuta, na matawini mwake huning'inia ndevu za kijivu ambazo hukauka kwa saa chache tu baada ya ukungu kuondoka. Nyasi za mafungu hazidondoshi majani yake makavu, huyashikilia katikati ya mabichi. Senesio, ule mti wa ajabu unaopendwa na wapiga picha, huvaa majani yake yaliyokufa kuzunguka shina kama koti la kuukinga na baridi, na koti hilo moto ukilifikia halichelewi kushika. Chini yake pana udongo mweusi uliojaa mabaki ya mimea ambayo haijaoza. Moto huweza kujificha humo siku kadhaa, watu wakaamini umezimika, kisha ukachomoza hatua kadhaa mbele.

Hapa ndipo panapofaa kusahihishwa dhana moja iliyoenea, kwamba mvua nzuri ya vuli ni dhamana dhidi ya moto. Mvua ya Oktoba hadi Desemba 2011 ilikuwa nyingi katika sehemu kubwa ya nchi, hata ikaleta mafuriko baada ya ule ukame mkali. Miezi mitatu baadaye Mlima Kenya uliwaka. Vuli ya 2021, kinyume chake, ilikuwa haba katika sehemu nyingi, na Nyandarua ikawaka vilevile. Mbugani, kwenye tambarare, mvua huamua kiasi cha nyasi zitakazoungua. Mlimani kuni zipo mwaka nenda mwaka rudi, na kinachosubiriwa ni ukavu tu. Majuma sita ya kaskazi yasiyo na manyunyu yanatosha kuifuta kazi ya mvua ya miezi mitatu.

Basi taarifa ya utabiri isomwe vipi? Kwanza, tuzielewe asilimia zake. Watabiri hugawanya misimu ya miaka iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa: mvua ya juu ya kawaida, ya kawaida, na ya chini ya kawaida. Asiyejua lolote angelipa kila fungu asilimia 33. Kwa hiyo wanaposema kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kuwa chini ya kawaida, hawasemi kwamba hakika itakosekana. Wanasema mizani imeinama upande mmoja, na kwa mlinzi wa msitu kuinama huko pekee ni sababu tosha ya kunoa mapanga.

Pili, lipo pengo. Jukwaa la kanda linaloongozwa na kituo cha ICPAC, ambalo tangu 1998 huwakutanisha watabiri wa Pembe ya Afrika, hutoa makadirio ya misimu mitatu: Machi hadi Mei, Juni hadi Septemba, na Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari, miezi ambayo milima yetu huwa katika hatari kubwa, imeangukia katikati. Anayetaka kujua habari zake hulazimika kutegemea utabiri wa kila mwezi na ule wa siku saba unaotolewa na idara yetu ya hali ya hewa. Kwa moto, ule wa siku saba ndio wenye thamani zaidi, kwa sababu hutaja joto, manyunyu na upepo, na upepo ndio unaobadili cheche kuwa janga.

Hali ya bahari nayo hutoa dokezo. El Niño ikiwa na nguvu, mvua ya vuli huweza kuvuka mwaka, kama ilivyokuwa Januari 1998 ambapo nchi iliendelea kulowa wakati ilipaswa kukauka. La Niña huelekea kuikatiza vuli mapema na kukirefusha kiangazi. Hata hivyo, dokezo ni dokezo tu, kama ile Machi 2012 ilivyodhihirisha.

Lakini ukavu hauwashi kiberiti. Radi ni chache katika miezi hiyo, na karibu kila moto mlimani huanza mikononi mwa mtu: mrina asali aliyeangusha mwenge wake, mchoma makaa, jangili anayepika, mfugaji anayechoma nyasi kuukuu ili zichipuke changa, mkulima aliyewasha takataka kwenye mpaka wa msitu. Mwaka 2020, moto ulipozuka Kilimanjaro mnamo Oktoba, mwisho wa kiangazi kirefu cha upande huo, wakuu wa hifadhi walisema ulianzia mahali ambapo wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wapanda mlima.

Kilimanjaro pia ndiko tunakoweza kuona gharama yake. Mwaka 2005 mtafiti wa mimea Andreas Hemp alichapisha matokeo yaliyowashangaza waliozoea kuililia theluji tu. Alionyesha kwamba kutokana na mioto iliyozidi wingi na ukali, mpaka wa juu wa msitu ulikuwa umeshuka kwa mamia ya mita, na kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kuyeyuka kwa barafu. Sababu ni kwamba miti na vichaka vya juu huchuja maji kutoka kwenye ukungu, tone kwa tone, hata siku isiyo na mvua. Penye nyasi fupi ukungu hupita tu.

Kwetu hali ni hiyo hiyo. Nyandarua hulisha mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ambayo Nairobi huyategemea, na pamoja na Mlima Kenya hulisha Mto Tana wenye mabwawa ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Upande wa pili Ewaso Nyiro hukauka kwenye mkondo wake wa chini karibu kila kiangazi, wafugaji wa Isiolo wakiwatupia lawama wanyunyiziaji wa Laikipia. Ni nadra kusikia mtu akiutaja moto wa miaka iliyopita katika ugomvi huo.

Erika ikiungua mara moja huchipuka tena kutoka mizizini, ikiachwa miaka ya kutosha. Ikiungua tena kabla ya kukomaa, nyasi hushika nafasi yake, na nyasi huungua upesi zaidi. Kuzima moto huko juu ni kazi ya matawi na mapanga, maana hakuna barabara, na helikopta hupoteza nguvu ya kubeba maji kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Setilaiti huweza kuonyesha mahali palipowaka siku hiyo hiyo, mradi mawingu hayakupaziba, lakini kikosi hutembea saa nyingi kupafikia. Kwa sababu hiyo mikanda ya kuzuia moto hufyekwa Desemba, nyasi zikiwa bado mbichi, na zamu za ulinzi hupangwa kuanzia Januari hadi siku mvua ya masika itakapoufikia mteremko wa kaskazini, ambao mara nyingi huwa wa mwisho kulowa.