MTOTO ATAANZA LINI KUTEMBEA?

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda juu ya majumba ya katikati ya mji wa Nairobi, akina mama hupanga foleni katika vituo vya afya vya Kangemi na Riruta, kila mmoja na mtoto wake mgongoni na kijitabu mkononi. Kijitabu hicho cha Wizara ya Afya wengi hukithamini kwa kurasa za chanjo na za uzani tu. Ukurasa unaoeleza hatua za kukua, yaani ni lini mtoto hutabasamu, hukaa kitako, husimama dede na kunena, mara nyingi haufunguliwi. Walakini swali linalosikiwa zaidi katika foleni ni lilo hilo: "Wako ameanza kutembea?"

Swali hilo huumiza. Msomaji na amfikirie mama akaaye Kawangware katika chumba kimoja cha mabati, ambaye kila siku huenda kwa miguu hadi Lavington kufanya kazi ya nyumbani. Huko hulea mtoto wa tajiri wake, ambaye alianza kutembea akiwa na miezi 11. Wake mwenyewe, amwachaye kwa jirani alindaye watoto kwa malipo, ana miezi 14 naye angali akitambaa. Shangazi wa shamba humpigia simu akinong'ona habari za uchawi, na jirani humshauri anunue kigari cha kumfunza mtoto kutembea. Mwisho mama huona haya, na siku ya kliniki ikifika humwacha mtoto ndani.

Mama huyo hana sababu ya kuona haya. Katika mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya kuwachunguza watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote wakiwa wazima na wenye kutunzwa vema. Ilionekana kwamba watoto wazima huanza kutembea peke yao wakati wowote tangu miezi 8 hata miezi 17 na nusu. Kukaa kitako bila kushikwa kulianza kabla ya miezi 4 kutimia kwa wengine, na kwa wengine baada ya miezi 9. Tena watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo, wakasimama na kwenda, wala hawakuwa na ila yoyote. Kwa hiyo watoto wawili wa nyumba moja waweza kupishana miezi sita na zaidi, na wote wawili wakawa sawa.

Kuna watu wasemao kwamba mtoto wa Kiafrika hutangulia wengine kwa asili yake. Neno hilo lina historia. Katika miaka ya 1950 Bibi Marcelle Geber, Mfaransa, aliwapima watoto wachanga wa Kampala pamoja na Daktari Dean, wakaona kwamba walikuwa mbele ya watoto wa Ulaya kwa nguvu za viungo. Wengine wakadhani ni mambo ya damu. Lakini Charles Super, aliyekaa Kokwet kati ya Wakipsigis katika miaka ya 1970, alitazama yale ambayo akina mama walikuwa wakiyafanya kila siku. Aliwakuta wakiwafundisha watoto kukaa kwa kuwaweka katika kishimo kilichochimbwa ardhini au kuwazungushia mablanketi, na kuwafundisha kwenda kwa kuwashika mikono. Watoto hao walikaa na kutembea yapata mwezi mmoja mbele ya wale wa Marekani. Lakini katika kutambaa, ambako hawakufundishwa sana, hawakutangulia. Basi si damu; ni mazoezi.

Na hapo ndipo shida ya mjini ilipo. Shamba kuna ua, kuna bibi, kuna ndugu wakubwa wa kumshika mtoto mkono. Kawangware au Kangemi mtoto aweza kushinda kutwa pamoja na wenzake wengi katika chumba chembamba, mlezi akiwa mmoja, nao huwekwa wameketi ili wasiumizane wala wasiguse jiko. Mlezi huyo si mtu mbaya, nafasi hana. Ila mtoto asiyepata sakafu ya kutambaa wala kitu cha kushika ili ainuke, hana budi kukawia.

Upo na upungufu wa jua, jambo la ajabu katika mji ulio karibu na Ikweta. Mwili hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua juu ya ngozi, na mifupa ya mtoto haiwezi kukaza bila vitamini hiyo. Waganga wa Nairobi wamekuta ugonjwa wa mifupa laini katika vitongoji vyenye msongamano, ambako watoto hufungiwa ndani au hutolewa wakiwa wamefunikwa gubigubi kwa kuogopa baridi. Dalili zake ni viwiko vya mikono na miguu kuvimba, matege, na kuchelewa kusimama. Una dawa, nao hutibika kama ukigunduliwa mapema.

Juu ya kile kigari chenye magurudumu kiuzwacho katika maduka ya mjini, maneno machache yatosha. Hakimfundishi mtoto kutembea, bali chaweza kumchelewesha, maana hamruhusu kujizoeza kujiinua na kusimama sawasawa. Kadhalika humfikisha upesi kwenye jiko na ngazini. Nchi ya Canada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Bao la kukalia, lililo imara, ni bora kuliko hicho.

Hata hivyo kusema kwamba watoto hupishana si kusema kwamba mama angoje tu. Siku za chanjo zafaa kutumiwa kama saa ya kumtazama mtoto. Majuma 6 yakitimia, wengi hutabasamu wanapotabasamiwa. Asiyefanya hivyo hata miezi 3 aonwe na daktari. Katika chanjo ya majuma 14, yaani miezi mitatu na zaidi, kichwa kianze kusimama vema mtoto anapoinuliwa. Katika chanjo ya surua ya miezi 9 awe anakaa kitako au yu karibu sana, na ageuke asikiapo sauti nyuma yake. Katika ile ya miezi 18 awe anatembea, na maneno machache awe nayo, ya lugha yoyote. Nyumba nyingi za Nairobi zina lugha mbili au tatu, nazo hazimfanyi mtoto kuwa bubu. Maneno ya lugha zote huhesabiwa pamoja. Aliyezaliwa kabla ya siku zake huhesabiwa tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa, hata afike miaka miwili.

Ziko dalili ambazo hazingoji siku ya chanjo. Mtoto atumiaye mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, mwenye miguu inayokakamaa au iliyolegea mno, asiyeshtushwa na kelele, na hasa yule aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha, apelekwe upesi. Huenda alikosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au homa ya manjano ya siku za kwanza ilidhuru ubongo, au masikio hayasikii. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina makao yake katika barabara ya Waiyaki Way, nacho husaidia kwa mazoezi ya viungo na vifaa. Mtoto afikaye huko akiwa na mwaka mmoja hupata faida kuliko afikaye na miaka mitano. (Mtoto aotaye meno ya juu kwanza, ambaye watu wa pwani walimwita kigego na kumwogopa, hana ugonjwa wowote.)

Tukirudi kwa yule mtoto wa Kawangware mwenye miezi 14: kama hutambaa upesi, hujiinua kwa kushika kitanda, hugeuka aitwapo, na huokota punje ya mahindi kwa vidole viwili, basi hajachelewa. Imebaki miezi mitatu na nusu kabla hajavuka mpaka ule wa Shirika la Afya. Jumapili, mama asipokwenda kazini, na amtoe uani mikono na miguu ikiwa wazi, aweke bao mbele yake na kikombe cha bati upande wa pili, akae chini naye.