Kihisi cha Gari Kikilia Ovyo, Usikimbilie Kukata Waya

Madereva wengi wanaoegesha magari mjini wanaujua usumbufu huu. Umeingiza gia ya rivasi, nyuma hakuna ukuta wala mtu, lakini gari linapiga kelele kana kwamba linakaribia kugonga kitu. Siku ya kwanza unashuka kuangalia. Siku ya tatu hushuki tena. Wiki ikiisha unamwambia fundi akate waya, na hapo ndipo hatari inapoanza: siku mtoto atakapopita nyuma ya gari, hakuna kitakacholia.

Vile vidude vya mviringo kwenye bampa, kwa kawaida vinne, hutoa mawimbi ya sauti ya takriban kilohezi 40, ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Mawimbi hayo yakigonga kitu hurudi kama mwangwi, na mtambo hupima muda uliopita ili kukadiria umbali. Kihisi hakijui kilichorudisha mwangwi ni nini. Bonge la tope lililokauka juu yake kinalihesabu kuwa kizuizi.

Kwa barabara zetu, basi, anza na tope. Pangusa kila kihisi kwa kitambaa laini chenye maji. Kwenye kituo cha kuosha magari, mwombe kijana asisogeze bomba la presha karibu na vihisi, kwani maji yakipenya hadi kwenye plagi, tatizo la kupangusa linageuka kuwa la kununua kifaa kipya. Matone ya mvua nayo huleta kelele, lakini hiyo huisha yakikauka.

Ikiwa bampa ni safi na kelele ipo palepale, jiulize gari limefanyiwa nini karibuni. Ndoano ya kuvutia trela, fremu ya nambari ya usajili iliyolegea, rangi nene iliyopakwa juu ya kihisi, au bampa iliyonyooshwa baada ya kugongwa, vyote ni washukiwa. Kihisi kikiinama kidogo tu huanza kuona changarawe iliyo chini. Mzigo mzito kwenye buti huleta matokeo hayohayo. Na kama kelele hutokea stendi pekee, huenda gari lako ni zima: breki za upepo za basi lililo jirani hutoa pia sauti za aina hiyo.

Kumtafuta mkosaji hakuhitaji kompyuta. Zuia magurudumu kwa mawe, vuta breki ya mkono, washa swichi bila kuwasha injini, kisha ingiza rivasi. Katika magari mengi, ukisogeza sikio karibu, kihisi kizima hutoa mlio hafifu wa tik-tik. Kilicho kimya ndicho cha kumwonyesha fundi, pamoja na waya wake. Mlio mmoja mrefu mara tu unapoingiza gia, katika magari mengi, ni taarifa ya hitilafu wala si kizuizi.

Gari likiwa na swichi ya kuzima vihisi, itumie unapovuta trela, kisha uiwashe tena. Na fundi asipomaliza kazi siku hiyo, shuka uzunguke gari kabla ya kurudi nyuma, hasa sokoni na nje ya shule watoto wanapotoka. Hata kihisi kizima huenda kisione nguzo nyembamba au kitu kilicho chini sana.