Vitonge vya Karanga na Chokoleti: Kipi Kinakula Pesa Mishamo?

Vitonge vya karanga vilivyochanganywa na chokoleti havihitaji tanuri. Unakaanga karanga, unayeyusha chokoleti, unachanganya, unadondosha kwa kijiko kwenye sinia, unasubiri vigande. Ndiyo maana vimependwa na watu wengi: ni peremende ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuitengeneza akisimamiwa. Ila maelekezo yake mengi yameandikwa kwa mtu mwenye friji jikoni na duka kubwa mtaa wa pili. Anayeishi Mishamo, mkoani Katavi, lazima apige hesabu upya, kwa sababu huku viungo viwili vya kitonge hicho havitoki njia moja. Karanga zimetoka shamba la jirani. Chokoleti imefika Mpanda kwanza, kwa lori au kwa treni ya kupitia Kaliua, kisha ikapandishwa gari la Mishamo, na kila mkono ulioipokea umeongeza chake kwenye bei.

Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 kuwa makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Familia ziligawiwa ardhi katikati ya miombo zijitegemee, na zikajitegemea kweli: mahindi, maharage, mihogo, tumbaku, karanga, na asali ya msituni. Tangu mwaka 2014 wengi wao na watoto wao wana vyeti vya uraia wa Tanzania. Kwa mlaji wa leo wa Bulamata, Ilangu au Ipwaga, historia hiyo ina maana moja ya jikoni: chochote kinachotoka ardhini ni cha karibu, na chochote chenye karatasi ya dhahabu kimetoka mbali.

Nimelinganisha njia nne. Zote zinaanza na nusu kilo ya karanga zilizobanguliwa, na zote zinatoa vitonge vya gramu 25 hivi, yaani kimoja kinajaza kijiko cha chakula. Bei ninazotumia ni za mfano, nimezipanga ili hesabu isimame. Wewe weka za dukani kwako. Tuseme kilo ya karanga tupu ni shilingi 4,000, sukari 3,000, lita ya asali 10,000, chokoleti ya gramu 100 ni 5,000, unga wa kakao gramu 100 ni 4,000, siagi ya kopo gramu 250 ni 3,000, na mkaa wa kazi nzima 500.

Njia ya kwanza ni ya chokoleti yenyewe. Nusu kilo ya karanga inataka gramu 400 za chokoleti, vinginevyo vitonge havishikani. Hapo peke yake ni shilingi 20,000. Ongeza karanga 2,000 na mkaa 500, jumla 22,500. Utapata vitonge 35, kila kimoja kimekugharimu kama shilingi 640. Hata ukibahatika kupata chokoleti kwa nusu ya bei hiyo, kitonge bado hakishuki chini ya 350.

Usimlaumu mwenye duka. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani katika soko la New York, baada ya mavuno ya Ghana na Ivory Coast kuharibiwa na hali ya hewa na magonjwa ya mikakao. Kwa miaka mingi kabla ya hapo tani ilikuwa ikicheza kwenye dola 2,000 na 3,000. Wakulima wa Kyela, ambako ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, walifaidi bei ile minadani, na ilikuwa haki yao. Lakini kakao ya Kyela nyingi inasafirishwa ikiwa punje, na chokoleti inayorudi madukani imeshalipia viwanda vya watu, meli na ushuru. Viwanda navyo vilipobanwa vilipunguza uzito wa vipande au vikapunguza mafuta ya kakao na kuweka mafuta mengine ya mimea. Kwa hiyo soma gramu zilizoandikwa kwenye karatasi, usitazame ukubwa wa karatasi. Soma na orodha ya vilivyomo: kinachotajwa kwanza ndicho kingi. Ukikuta sukari ya kwanza na mafuta ya mawese ya pili, umenunua sukari na mawese yenye harufu ya kakao.

Hapa nina neno la kuitetea chokoleti hiyo ya mawese. Mafuta halisi ya kakao huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo sababu chokoleti nzuri hulainika ulimi ukiigusa tu. Sasa fikiria Septemba na Oktoba za Katavi, mvua bado, jua la mchana limekaa juu ya bati. Vitonge vyako vya 640 vitakuwa uji kabla wageni hawajafika. Chokoleti yenye mafuta magumu ya mimea inavumilia zaidi. Ladha yake ni ya daraja la pili, lakini kwenye kikapu cha kupeleka shule au sokoni inafika ikiwa nzima. Anayetaka chokoleti ya kweli bila friji asubiri Juni na Julai, usiku unapopoa, aache sinia mahali penye hewa mpaka asubuhi. Na ayeyushe kwa bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, si moja kwa moja kwenye jiko. Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti, inakakamaa na kuwa chengachenga, na hela imekwenda.

Njia ya pili ni ya unga wa kakao, na kwangu ndiyo inayostahili kujulikana zaidi. Chemsha pamoja sukari robo kilo, siagi gramu 60, maziwa nusu kikombe na unga wa kakao vijiko vinne vya chakula, ambavyo ni kama gramu 30. Yakianza kutokota vizuri hesabu dakika mbili, epua, mimina karanga zilizokaangwa, koroga haraka, dondosha. Ladha ya chokoleti ipo kamili, na kinachogandisha ni sukari iliyopikwa wala si mafuta ya kakao, hivyo jua la Oktoba halivitishi sana. Hesabu yake: karanga 2,000, kakao 1,200, sukari 750, siagi 720, maziwa 200, mkaa 500. Jumla 5,370, vitonge 34, kimoja karibu 160. Ni robo ya bei ya njia ya kwanza.

Ila kuna mtego dukani. Unga wa kakao na chokoleti ya kunywa ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi vinapangwa rafu moja, makopo yakifanana. Ile ya kunywa sehemu yake kubwa ni sukari. Ukiitumia kwenye pishi hili utapata vitonge vitamu vya kuchosha, rangi ya udongo, na utakuwa umenunua sukari kwa bei ya kakao. Kopo la unga wa kakao huwa halina sukari kwenye orodha yake. Likifunguliwa na kufungwa vizuri linakaa miezi mingi, kwa hiyo majirani wawili wakichangia kopo moja hawapotezi kitu.

Njia ya tatu ni kashata, na hii hakuna mama wa Mishamo anayehitaji kufundishwa. Karanga 2,000, sukari robo kilo 750, mkaa 500. Jumla 3,250, vipande 28, kimoja kama shilingi 115. Iliki ukiipenda, au tangawizi. Lakini uangalie bei ya sukari kabla ya kuapa kwamba kashata ndiyo rahisi siku zote. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika nchini, na serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi. Mikoa ya mbali na viwanda huumia mapema katika hali kama hiyo.

Ya nne ni ya asali. Gramu 200 za asali zinatosha nusu kilo ya karanga. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina uzito wa kilo 1.4 hivi, basi gramu 200 katika lita ya 10,000 ni kama shilingi 1,430. Jumla na karanga na mkaa ni 3,930, vitonge 26, kimoja 150. Imepishana kidogo tu na kakao, na kwa aliye na mizinga yake porini, au mjomba mwenye mizinga, njia hii inaishinda hata kashata. Ipike kwa moto mdogo mpaka tone lake ukiliangusha kwenye maji baridi linakuwa gololi imara. Asali iliyovunwa kabla ya kukomaa ina maji mengi na itakulia mkaa kabla haijafika hapo. Asali iliyoganda chembechembe kwenye chupa wengi huikataa wakidhani imetiwa sukari. Kuganda ni tabia yake ya kawaida, ipashe moto kidogo itarudi. Udhaifu wa vitonge vya asali ni masika: asali hunyonya unyevu hewani, na kati ya Novemba na Aprili vitakunatana usipovifunga kwenye chombo chenye mfuniko. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa, hata iliyopikwa. Inaweza kumletea ugonjwa wa kupooza misuli. Hata karanga nzima si za watoto wadogo, zinaweza kuwakaba. Ziponde kwanza kwenye kinu.

Kwenye njia tatu kati ya hizi nne, karanga ndizo zinazobeba gharama kubwa kuliko kiungo kingine chochote, kwa hiyo anayetaka kuokoa aanzie hapo. Baada ya mavuno, kuanzia Aprili na Mei, bei hushuka. Kufika Desemba, watu wakitafuta mbegu, imepanda. Zenye maganda huonekana rahisi zaidi, lakini kilo 10 zenye maganda hutoa kilo 6 mpaka 7 za karanga tupu. Ukinunua zenye maganda kwa 2,000 kilo, kilo ya karanga tupu imekugharimu kama 3,100, na vidole vyako ndivyo mashine. Bado umeokoa karibu 900, na umepata jambo kubwa kuliko hiyo 900: umeziona kabla hazijachanganywa.

Nasema hivyo kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hii inayotokana na kuvu, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana. Kukaanga hakuiondoi yote. Sukari na chokoleti zinaificha tu. Karanga iliyosinyaa, yenye doa jeusi au la kijani, iliyovunjika na kubadilika rangi ndani, au chungu, itupe, usimpe hata kuku. Jihadhari na karanga zilizoloweshwa ili maganda yalainike na kazi ya kubangua iwe rahisi; unyevu ule ndio chakula cha kuvu. Karanga za bei ya kutupa mwishoni mwa masika mara nyingi zina sababu ya kutupwa. Kwenye kashata ya kununua huwezi kuchambua chochote, kwa kuwa imeshagandishwa.

Je, ununue au utengeneze? Kashata ya barabarani inauzwa shilingi 100 au 200, na kwa bei zangu za mfano wewe jikoni umetumia 115. Muuzaji hakufanya miujiza; alinunua gunia wakati wa mavuno na anapika nyingi kwa moto mmoja. Ukifanya kama yeye, karanga za maganda na awamu mbili kwenye jiko lile lile, kashata yako inashuka mpaka kama 90. Kwa familia ya watu watano tofauti hiyo haitajenga nyumba, na anayetaka vipande vitatu vya kutafuna njiani anunue tu. Mwenye nia ya kuuza asisahau kwamba vyakula vya kusindika vinahitaji kibali na alama ya TBS vikishafungashwa kwa ajili ya maduka, na kwamba ofisi za SIDO za mikoa hutoa mafunzo kwa wajasiriamali wadogo. Gharama ya vifungashio na lebo iingie kwenye hesabu tangu kitonge cha kwanza.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa biashara ndogo ya mezani, pika kashata. Kwa nyumba yenye asali yake, pika ya asali wakati wa kiangazi. Kwa sikukuu na kwa watoto wanaolilia chokoleti, nunua unga wa kakao Mpanda, kopo moja kwa nyumba mbili, na uachane na chokoleti ya karatasi mpaka siku utakayokuwa na friji au hela ya kuchezea.