Kupima Maji ya Kijito cha Mbugani

Kijito cha mbugani mkoani Singida huwa na uhai wa miezi michache tu. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma karibu na Aprili. Katika muda huo, korongo lililokuwa mchanga mtupu hujaa maji mekundu, hutulia, hubakiza vidimbwi, kisha hukauka. Kwa hiyo tarehe ya kuchota sampuli ina uzito sawa na kipimo chenyewe: maji ya Januari na ya Mei, hata yakichotwa mahali pamoja, hutofautiana kama ya mito miwili.

Maji ya mvua za kwanza ndiyo machafu kuliko yote. Kinyesi cha ng'ombe na mbuzi kilicholundikana kiangazi kizima, majivu ya nyasi zilizochomwa, mbolea na dawa za mashambani, vyote husombwa kwa mkupuo mmoja. Tope hilo hupimika hata kwa mrija mrefu mwangavu wenye alama kwenye kitako: maji hupunguzwa mpaka alama ionekane kutoka juu, na kina kilichobaki ndicho kipimo. Joto, uchachu na oksijeni navyo hupimwa papo hapo ukingoni, kwa kuwa hubadilika chupa ikiwa safarini. Uwezo wa maji kupitisha umeme huonyesha wingi wa chumvi. Huo hupanda kadiri jua linavyokausha vidimbwi, na kupanda kwake pekee si ushahidi kwamba kuna mtu aliyechafua.

Sampuli ya vijidudu huchotwa kwa chupa iliyotakaswa, mdomo ukielekezwa maji yanakotoka, na huwekwa kwenye ubaridi ili ifike maabara ndani ya saa 24, ikiwezekana 6. Huko mililita 100 huchujwa kwenye utando mwembamba, kisha utando huo huachwa kwenye joto la nyuzi 44 kwa siku nzima ili bakteria wa kinyesi wakue na kuhesabiwa. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria hata mmoja wa kinyesi. Kijito kinachonywesha mifugo hakiwezi kutarajiwa kufaulu. Ndiyo maana watu hufukua visima mchangani, maana mchanga huchuja; lakini shimo likiachwa wazi kwa ng'ombe na ndoo, faida hiyo hupotea.

Floraidi haionekani wala haina harufu, na ni tatizo linalojulikana Singida, ambako maji hupita kwenye miamba yenye madini hayo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8, ikashuka hadi 4, na sasa imefikia 1.5. Floraidi ikizidi, meno ya watoto huwa na madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa huathirika. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi hubaki.

Wadudu wa majini nao ni kipimo, na pengine ndicho chenye kumbukumbu ndefu zaidi. Chupa hueleza hali ya dakika moja, ilhali mdudu aliyekulia mtoni ameishi na kila kilichopita. Mfumo wa TARISS, uliotungwa kwa ajili ya mito ya Tanzania kwa kufuata ule wa Afrika Kusini, hutoa alama za juu kwa jamii zisizovumilia uchafu na za chini kwa minyoo na funza wanaostahimili tope lisilo na oksijeni. Mbugani matokeo yake yasomwe kwa uangalifu. Kijito kinachokauka kila mwaka hakiwezi kuwa na wadudu wanaohitaji maji mwaka mzima, hata kikiwa safi, hivyo kilinganishwe na vijito vingine vya msimu, si na mto wa milimani.

Karibu na machimbo ya dhahabu, kama ya Sekenke yaliyoanza mwaka 1909, zebaki ya wachimbaji wadogo inahitaji kipimo chake. Nyingi hutuama chini pamoja na udongo, kwa hiyo maji yaliyo juu yanaweza kuonekana salama. Tena sehemu kubwa ya Singida imo katika Bonde la Kati, ambalo mito yake haifiki baharini: Wembere huingia Ziwa Kitangiri, na Mto Sibiti huyatoa maji hapo kuyapeleka Ziwa Eyasi, yanakoishia. Kwa hiyo upimaji wa zebaki huko hukamilika pale tope la chini na samaki wa Kitangiri wanapopimwa pamoja na maji.