Laptopu Haishiki Wi-Fi? Usikimbilie Kupiga Windows

Wiki hii siasa za kaunti naziweka kando. Kila nikikaa barazani baada ya Magharibi hakosekani mtu wa kunijia na laptopu kwapani: "Haishiki Wi-Fi." Na wengi wao tayari wameshaambiwa na fundi kwamba dawa ni moja tu, kupiga Windows upya.

Maalim mmoja wa mtaani kwetu alikubali dawa hiyo. Akalipa, akarudishiwa mashine safi kama nyumba iliyopakwa chokaa, na kila kilichokuwamo kimefutwa: majina ya wanafunzi wa madrasa, matokeo ya mitihani ya miaka na miaka, barua za wafadhili wa mayatima. Alipofika nyumbani, intaneti hakuna vilevile. Nilipokwenda kumwangalia nikamuuliza, "Maalim, Wi-Fi mumelipia mwezi huu?" Hawakuwa wamelipia. Simu yake ilikuwa ikifungua kila kitu kwa bando, kwa hivyo hakuna aliyeishuku ruta.

Haya si mambo ya anasa tena. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne anachagua kozi yake KUCCPS mtandaoni. Pasipoti ni eCitizen. Ripoti ya ushuru ya KRA mwisho wake ni 30 Juni, na ukichelewa adhabu yake kwa mtu binafsi ni kuanzia shilingi 2,000. Laptopu ikigoma siku ya mwisho, mtu hukubali lolote analoambiwa.

Njia ya intaneti hadi kwenye laptopu yako ina vipande vinne: waya wa kampuni hadi nyumbani, ruta, hewa na kuta zilizo kati, halafu laptopu yenyewe. Kupiga Windows kunagusa kipande hicho cha mwisho tu, tena si chote. Kwa hivyo kwanza tafuta kipande kilichokatika.

Chukua simu, zima data ya bando (hapa ndipo wengi wanapojidanganya), iunganishe na Wi-Fi hiyo hiyo, nawe ukae pale pale unapotumia laptopu. Simu ikifungua kurasa, tatizo liko kwenye laptopu. Simu nayo ikikosa, iache laptopu ya watu, nenda ukaangalie taa za ruta. Wenye faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kutoka nje. Hapo ni kupigia kampuni, hakuna la fundi. Jina la Wi-Fi laweza kuendelea kuonekana, kwa sababu jina hilo hutangazwa na ruta yenyewe, iwe ina intaneti au haina. Malipo yakiisha ni hivyo hivyo. Kama taa ni nzuri na malipo yapo, chomoa ruta kwenye umeme, ngoja nusu dakika, irudishe, uipe dakika chache iamke. Umeme wetu huu wa kuondoka na kurudi mara tatu kwa dakika moja huiacha ruta imepigwa na butwaa.

Tuseme simu inapata, laptopu haipati. Sasa itazame laptopu inasema nini hasa, maana "haishiki" ina maana nyingi.

Ikiwa haioni Wi-Fi yoyote, hata za majirani, angalia alama ya ndege kwenye kona ya skrini. Ikiwa imewashwa, izime. Laptopu za mitumba, na ndizo nyingi mikononi mwetu, baadhi zina swichi ndogo ubavuni au kitufe juu ya kibodi cha kuzima na kuwasha Wi-Fi. Mtoto akiigusa, basi. Yote hayo yakiwa sawa, shuku draiva, ile programu ndogo inayoifundisha Windows kuzungumza na kadi ya Wi-Fi. Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, fungua "Device Manager", tazama sehemu ya mtandao. Ukiona alama ya mshangao ya manjano, au jina la kadi ya Wi-Fi halipo kabisa, umepata pa kuanzia. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kwenye simu ile huduma ya kugawa intaneti kwa USB, na laptopu itapata mtandao wa kushushia draiva kutoka tovuti ya waliotengeneza mashine hiyo. Na hapa niseme wazi: mara nyingi kadi hupotea baada ya Windows kupigwa upya, kwa kuwa fundi aliweka Windows bila kuweka draiva zake. Dawa yake ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Ikiwa inaziona za majirani lakini haioni yenu, au inaiona ukumbini na kuipoteza chumbani, hilo ni suala la masafa na kuta. Ruta nyingi za siku hizi hurusha masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. La 5 lina kasi lakini hupenya ukuta kwa shida, la 2.4 ni la polepole lakini hufika mbali zaidi. Laptopu za zamani nyingi hazilijui kabisa lile la 5. Kwa hivyo ukiona ruta yenu ina majina mawili na moja limemalizikia na "5G", jaribu lile jingine. (Hiyo 5G wala si ile inayotangazwa na kampuni za simu.)

Sisi watu wa Mji wa Kale, wa Mombasa na wa Lamu, tuna mtihani wetu wa ziada. Kuta za wazee ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu dhiraa moja. Na kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, vyumba ni vyembamba vimepangana, kwa hivyo kutoka ukumbi wa mbele hadi chumba cha ndani wimbi linavuka kuta mbili au tatu za namna hiyo. Ruta iliyofichwa nyuma ya kabati, karibu na mlango wa mbele, haitafika. Ipandishe juu, iwe katikati ya nyumba, ipate mlango au dirisha la kupitia, na iwe mbali na friji na vioo vikubwa. Waya mrefu wa kuihamishia ruta ni rahisi kuliko laptopu mpya.

Ikiwa inaiona na inakataa neno la siri, angalia herufi kubwa na ndogo, kisha iambie laptopu iisahau Wi-Fi hiyo, pale palipoandikwa "Forget", halafu uingie upya. Huenda kuna mtu nyumbani aliyebadilisha neno la siri na laptopu bado inapeleka lile la zamani.

Mwisho kuna ile inayoshika lakini kurasa hazifunguki, au zinatoa onyo kwamba muunganisho si salama. Tazama tarehe. Laptopu kuukuu iliyokaa kabatini hadi betri ikaisha huweza kuamka ikidhani ni miaka kumi iliyopita. Tovuti zenye usalama, benki, KRA, eCitizen, huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa saa ya laptopu hiyo cheti bado hakijaanza, kwa hivyo inakikataa. Rekebisha tarehe na mwaka. Ikirudi nyuma tena kesho, kijibetri cha ndani kinachotunza saa kimekufa. Hicho hubadilishwa peke yake bila kugusa faili hata moja.

Ukishapita yote haya na kadi bado haionekani, huenda imekufa kweli. Hata hapo, kipo kidude kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye tundu la USB kinachofanya kazi yake. Ukienda kukinunua, uliza kama kinapokea masafa yote mawili. Na ukiamua kumwachia fundi mashine, nakili faili zako kwenye diski ya nje kabla hujatoka nyumbani, umwandikie kwenye karatasi ulichokwisha kujaribu, na juu yake uandike: usipige Windows bila kuniuliza.