Harimu ya Chemchemi: Kutoka Roma hadi Sironga

Akina mama wa Pwani, waliozoea maji ya kisima yenye chumvichumvi, huenda wakawaonea wivu wenzao wa Sironga, katika Kaunti ya Nyamira. Nchi ile ni ya vilima na mvua, na maji matamu hububujika ubavuni mwa mlima. Lakini chemchemi isiyolindwa huchafuka upesi au hukauka, na Warumi wa kale walilijua hilo.

Mfereji wao wa kwanza wa mjini, Aqua Appia, ulijengwa mwaka wa 312 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Urefu wake ulikuwa kilomita 16 hivi, na karibu wote ulipita chini ya ardhi. Pampu haikuwapo, maji yaliteremka yenyewe. Mfereji wa Nîmes, Ufaransa, wenye kilomita 50 hivi, uliteremka mita 13 tu, au pungufu. Wengi husifu matao ya mawe. Sisi tunaistaajabia zaidi sheria: mwaka wa 11 kabla ya Nabii Isa, Seneti ilikataza miti na majengo ndani ya futi 15 kila upande wa chemchemi na matao, maana mizizi ilipasua kuta. Mafakihi wetu nao huliita eneo kama hilo harimu: pembezoni mwa kisima ambapo haifai kufanya la kuyadhuru maji.

Katika vilima vya Gusii, jicho la maji hukingwa kwa mawe na kokoto, likafunikwa kwa udongo mzito, kisha ukuta hujengwa na bomba likapenyezwa. Juu yake huchimbwa mtaro wa kuepusha maji ya mvua, na ua huwazuia ng'ombe. Hapo mama hukinga ndoo yake bila injini yoyote.

Adui ni mkaratusi, mti unaokunywa maji mengi. Hupandwa hadi kandokando ya chemchemi na vinamasi kwa kuwa mashamba ni madogo na nguzo, mbao na kuni huleta fedha. Mjane mwenye kishamba kimoja akiambiwa aing'oe, watoto wake watasomeshwa na nini?

Frontinus, aliyekabidhiwa maji ya Roma mwaka wa 97, aliandika kwamba wahenga wake walimlipa mwenye ardhi. Akikataa kuuza kipande, walilinunua shamba zima, wakachukua sehemu iliyohitajika na kuiuza iliyobaki. Kwa maoni yetu, wanaoteka kwenye chemchemi ya mjane huyo nao wachange, wamlipe thamani ya miti yake kabla shoka halijainuliwa.