Mwenye Maradhi Sugu Anaomba Saa, Si Siku

Sheria za kazi zilitungwa zikimwangalia mgonjwa wa namna moja: yule aliyeangushwa na homa, akalala majuma mawili, akapona na kurejea kazini kama kwamba halikutokea jambo. Lakini kisukari, shinikizo la damu, siko seli na maradhi ya figo hayana desturi hiyo ya kuja na kuondoka. Aliyepatwa nayo huamka nayo, huenda nayo kazini na hulala nayo, na aghalabu mwenzake anayekaa naye meza moja hana habari.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, si bahili kwa mgonjwa. Inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa ujira kamili na 63 za pili kwa nusu ujira, mradi alete cheti cha tabibu, kile kikaratasi ambacho wafanyakazi wamezoea kukiita ED. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kima cha chini ni siku saba kwa ujira kamili na saba nyingine kwa nusu katika mwaka. Sasa na tumtazame mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, ikamlazimu kusafishwa damu mara tatu kwa juma, muda wa saa nne hivi kila mara. Ikiwa kila safari ya hospitali itahesabiwa kuwa siku nzima ya ugonjwa, siku zake 126 zitakwisha katika majuma 42, kabla hata mwaka wa kwanza wa mzunguko haujatimia. Na kwa kima kile cha Kenya, zitakwisha kabla juma la tano halijamalizika. Ilhali mtu huyo, akipangiwa zamu kwa insafu, huenda akaweza kufanya kazi sehemu kubwa ya juma.

Hata aliye na maradhi mepesi kuliko hayo hubanwa na saa. Siku ya kliniki ya kisukari mgonjwa hutoka nyumbani alfajiri bila kuonja kitu, kwa kuwa sukari yake hutakiwa kupimwa kabla ya kula. Huweka kadi yake juu ya rundo la kadi, akangoja jina lake liitwe, akapimwa uzito na presha, akachomwa kidole, akangoja tena kumwona daktari, kisha akahamia foleni ya dirisha la dawa. Akitoka hapo jua limekwisha kupanda, na nusu ya siku ya kazi imekwenda. Kwa mwenye msimamizi mwungwana hiyo ni ruhusa ya asubuhi. Kwa mwingine ni utoro, na baada ya miezi kadhaa mgonjwa huona heri akose kliniki kuliko kukosa ujira.

Kazini kwenyewe mahitaji yake ni madogo kupita mtu anavyodhani. Insulini ambayo haijaanza kutumika hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na hata kichupa kinachotumika, ingawa huvumilia joto la wastani la chumba, hakivumilii joto la bohari lenye paa la bati Dar es Salaam mwezi wa Februari. Pembe ya jokofu lolote la ofisi yatosha. Anahitaji pia kula kwa wakati wake, na mwenzake mmoja anayejua kwamba sukari ikishuka ghafla mtu hutetemeka, hutoka jasho na maneno humchanganyika, ili apewe kitu kitamu upesi badala ya kudhaniwa mlevi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na neno hilo ni la hekima. Lakini mwajiriwa huficha kwa sababu amekwisha kuona yaliyompata aliyesema. Sheria ile ya 2004 inakataza kwa maneno bayana ubaguzi kwa sababu ya ulemavu au UKIMWI. Kisukari na shinikizo la damu havikutajwa. Kwa hiyo sitara ya mgonjwa wa sukari imebaki mikononi mwa hisani ya mkubwa wake, na hisani si haki.

Ipo kadhalika hesabu ya fedha. Mtumishi wa umma Tanzania hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya, na mwajiri huongeza asilimia 3; dereva wa bodaboda na mama lishe hawana mwajiri wa kuwaongezea, na kwao asubuhi ya kliniki ni asubuhi isiyo na mauzo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, ina muradi wa kuwaingiza nao katika hifadhi hiyo. Lakini bima hulipia dawa. Muda uliopotea katika foleni haiulipii.

Nao muda huo waweza kupunguzwa, kwa kuwa njia imekwisha kujaribiwa hapa Tanzania: mwenye virusi vya UKIMWI ambaye afya yake imetulia hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mara moja. Wizara ya Afya na ieneze utaratibu huo kwa kila mgonjwa wa presha na sukari aliyetulia, na hospitali zifungue kliniki za jioni na za Jumamosi. Vyama vya wafanyakazi, vinapoketi na waajiri kujadili mikataba ya hali bora, vidai saa za kliniki zihesabiwe kuwa saa za kazi. Na wewe mwajiri, usingoje kushurutishwa: saa chache za mwezi unazomnyima mfanyakazi stadi leo, kesho utazilipa kwa kumtafuta na kumfunza mwingine, naye yule wa kwanza yu kitandani kwa maradhi ambayo yangaliweza kudhibitiwa.